Chasisi ya gari la pwani: osha ndani kabla ya kupaka nje

Ukisimama nyuma ya pikapu inayotoka na samaki soko la Feri, Dar es Salaam, inama kidogo uangalie chini ya bodi, pale chasisi inapopinda kwenda juu ili kuipisha ekseli. Utaliona tone likining'inia kwenye ukingo wa chuma. Linavimba, linadondoka, na jingine linaanza kujikusanya palepale. Hayo ni maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi na utelezi wa samaki. Mengine yanaishia barabarani. Mengine huyaoni kabisa, kwa sababu yameingia kwenye matundu ya boliti na sasa yamelala ndani ya chasisi, juu ya tope la miaka yote ambayo gari limekuwa kazini.

Chasisi huanza kufia humo ndani. Naandika kwa ajili ya mwenye Hilux ya zamani, Land Cruiser ya familia ya 70, Prado au Surf, ambaye ameambiwa "piga rangi nyeusi tu chini, itadumu." Rangi nyeusi ya nje inalinda upande ambao hukauka kila gari linapotembea. Upande usiokauka unabaki kama ulivyokuwa.

Magari haya yamekaa juu ya chasisi ya ngazi: boriti mbili ndefu kutoka mbele hadi nyuma, na vyuma vya kukatiza katikati. Kwenye Toyota nyingi za aina hii sehemu kubwa ya boriti ni boksi, yaani chuma kilichofungwa pande zote nne, na unene wake kwa kawaida ni kati ya milimita 2 na 4. Kiwandani waliacha matundu madogo chini ya kutolea maji, na makubwa zaidi pembeni. Tairi linarusha tope, tope linaingia kwa pembeni, linashuka na kuziba matundu ya chini, na kuanzia siku hiyo boksi limegeuka mtungi. Land Rover 109 na Defender zina boksi hilohilo na udhaifu wake wa ziada: chuma cha kukatiza cha nyuma kabisa, na vile vikono vya pembeni vinavyobeba bodi na tangi la mafuta.

Chumvi ndiyo inayoharakisha mambo. Chumvi ya mezani iliyokauka huanza kunywa maji ya hewani unyevu ukifika takriban asilimia 75. Chumvi ya bahari ina kloridi ya magnesiamu pia, na hiyo huvuta maji hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 33 hivi. Kutoka Lamu hadi Mtwara ni nadra hewa kukauka kiasi hicho. Ndiyo maana gari la pwani huota kutu hata likiwa limeegeshwa bandani wiki nzima bila kunyeshewa. Chumvi iliyomo kwenye tope inajilowesha yenyewe kila usiku.

Gari likitoka Japani limetumika, uliza lilikuwa mkoa gani. Hokkaido na kaskazini mwa Honshu barabara humwagiwa chumvi na kloridi ya kalsiamu wakati wa theluji, na gari la huko linaweza kushuka bandarini likiwa na ukoko wa kutu tayari, huku bodi inang'aa. Bara nako kuna mahali pake: malori yanayobeba chumvi ya Uvinza, na tope jeusi la mbuga, ambalo halina chumvi ya bahari lakini likishagandamana juu ya boriti hushika maji muda mrefu sana.

Pikapu mpya pia si salama. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi ya madai nchini Marekani kuhusu fremu, yaani chasisi, za Tacoma za 2005 hadi 2010, Tundra za 2007 na 2008, na Sequoia za 2005 hadi 2008, kwa kukagua magari na kubadilisha fremu zilizotobolewa na kutu. Kipimo kilichotumika ni tundu la milimita 10 au zaidi, karibu sawa na kitufe cha shati. Kipimo hicho kinafaa kukumbukwa unapolala chini ya gari lako.

Kagua kabla hujanunua rangi

Vifaa vinne vinatosha: nyundo ya gramu 500, bisibisi bapa ya zamani, sumaku, na ile kamera ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu. Pitia boriti yote kwa nyundo, kila baada ya sentimita 5, juu, pembeni na chini. Chuma kizima hulia kama kengele. Kilicholiwa hulia bubu, kama kugonga gunia. Ukisikia bubu, chomeka bisibisi kwa nguvu ya mkono. Ikizama au chuma kikibonyea, hapo pana kazi ya kuchomelea, na dawa yoyote ya chupa haitasaidia.

Sumaku ni ya kuumbua. Kuna chasisi ambazo matundu yake yamezibwa kwa puti au nyuzi za glasi na kupakwa nyeusi juu yake ili gari liuzike. Sumaku ikiteleza mahali ambapo inapaswa kunasa, kwangua rangi hapo hata muuzaji akinuna.

Maeneo ya kushuku kwanza ni pindo la juu ya ekseli ya nyuma, vishikio vya springi mbele na nyuma yake, sehemu ya boriti iliyofunikwa na tangi la mafuta, vibao vinavyobeba bodi, na chuma cha kukatiza kinachobeba spea tairi. Popote bamba mbili zilipolaliana, angalia kama zimeachana. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo ikiota katikati ya bamba mbili huzisukuma mpaka zipinde. Ukiona bamba limetuna katikati ya boliti mbili, hapo ndani kuna kutu nene.

Kamera ipitishe kwenye tundu la pembeni na uielekeze chini. Unatafuta magamba. Kutu ya rangi ya chungwa iliyo laini na nyembamba si ya kutisha. Magamba yaliyopandana kama kurasa za kitabu kilicholoa ni habari nyingine.

Mwisho wa ukaguzi, pima mishazari: kutoka tundu moja la boriti ya kulia mbele hadi tundu la mwenzake kushoto nyuma, kisha kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita chache, chasisi imepinda, na kuipaka rangi ni kupoteza fedha mpaka inyooshwe.

Kuosha

Gari liwe juu ya sakafu ngumu, limekaa kwenye stendi 4, magurudumu yametolewa. Jeki ni ya kunyanyulia. Ya kulalia chini ni stendi. Toa spea tairi, vizuia tope, na ukiweza shusha tangi la mafuta, kwa sababu boriti iliyo nyuma yake haijawahi kuonwa na mtu tangu kiwandani. Kama bodi ya nyuma ya pikapu yako imeshikwa na boliti 6 au 8, watu wanne wanaipakua kwa nusu saa, na kazi yote inakuwa nyepesi kuliko kujipenyeza na brashi chini yake.

Anza na mafuta. Palipo na grisi na oili, hasa pembeni ya gia boksi na difu, paka mafuta ya taa kwa brashi, acha dakika 15, kwangua. Usitumie petroli: mvuke wake unakaa chini ya gari, na cheche moja ya taa ya mkononi inatosha. Mafuta ya taa huacha utando wake, na rangi haishiki juu yake, kwa hiyo lazima yafuatwe na sabuni. Gramu 200 za sabuni ya unga kwenye ndoo ya lita 20 ya maji ya moto, brashi ngumu, kisha suuza kwa mashine ya presha. Usiielekeze presha kwenye sili za ekseli, viunganishi vya waya, wala vile vibomba vya kupumulia vya difu na gia boksi.

Hapa pwani kuna kosa ambalo huharibu kazi yote kimyakimya: maji ya kisima. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi, na ukisuuza nayo umeipaka chasisi chumvi upya kabla ya rangi. Ukionja ukakuta ladha, yatumie kwa mkupuo wa kwanza tu wa kutoa tope. Mkupuo wa mwisho uwe wa maji ya mvua au ya bomba yaliyo matamu.

Sasa ndani. Nyanyua mbele ya gari kama sentimita 30 kuliko nyuma. Fungua matundu yote ya chini kwa waya mgumu au bisibisi. Usitoboe mapya kwenye kingo za juu na chini za boriti, maana huko ndiko chuma kinakobeba mzigo mkubwa. Chukua kipande cha waya wa zamani wa breki ya mkono, mita 1 hivi, kifumue ncha sentimita 5 kiwe kama ufagio, kifunge kwenye drili na ukizungushe polepole ndani ya boksi. Magamba yatabanduka na kuanguka. Kisha ingiza mpira wa maji wenye kipenyo cha milimita 12 kutoka tundu la mbele, usukume mpaka mwisho, fungua maji, na uuvute taratibu kurudi.

Kitakachotoka kwanza ni uji mweusi unaonuka. Halafu wekundu wa kahawa, wenye magamba. Halafu maji ya rangi ya chai. Endelea. Kinga ndoo chini ya tundu la nyuma na upitishe sumaku kwenye masimbi yaliyotulia: inapotoka tupu mara mbili mfululizo na maji yamekuwa meupe, upande huo umeisha. Gari lililofanya kazi ya samaki linaweza kuchukua saa nzima kila boriti. Pulizia hewa ya kompresa, kisha liache juani siku 2 au 3, matundu yote yakiwa wazi.

Jinsi ya kujua kama chumvi imetoka: kwangua eneo moja la nje mpaka chuma cheupe, lisuuze, likaushe, na urudi baada ya saa 2. Likiwa na vidoadoa vya chungwa ndani ya vishimo huku pembeni kuko safi, vishimo hivyo bado vina chumvi. Osha tena kwa maji ya moto na brashi ya waya. Ukipaka juu yake, rangi itatunga malengelenge kabla mwaka haujaisha.

Kutoa kutu

Magamba mazito yang'oe kwa nyundo na tindo butu au mashine ya sindano, ile inayogonga kutu kwa sindano za chuma. Baada ya hapo wengi wanachukua grinda yenye brashi ya waya, na hapa inabidi tukae kidogo.

Brashi ya waya inayozunguka kwa kasi hung'arisha kutu ngumu. Inaibana na kuisugua mpaka inakuwa ya kahawia iliyokoza, laini, inayometa kama kokwa la tende lililonyonywa, na mtu akiangalia kwa taa anadhani ni chuma. Sogeza jicho karibu. Chuma kisafi ni cha kijivu cheupe, na kina mikwaruzo. Ukiona mng'ao wa kahawia, kwaruza kwa ncha ya msumari: ukitoka unga mwekundu, bado ni kutu. Hapo tumia diski ya msasa namba 40 au 60 kwa mkono mwepesi, maana diski hiyo inakula na chuma, na chuma cha milimita 3 hakina cha kuchezea. Brashi ya waya bado ina kazi, lakini ya kubandua kilicholegea na ya kwenye kona.

Grinda ya milimita 115 huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye brashi ni kubwa kuliko ya grinda. Nyuzi hukatika na kuruka, zinachoma ngozi kama sindano. Miwani peke yake haitoshi. Vaa kinga ya uso mzima, glavu, na barakoa ya vumbi.

Ukiwa umetenganisha chasisi na bodi, kupiga kwa mchanga wa presha ndiyo njia bora kupita zote, kwa sababu inaingia hadi kwenye vishimo. Lakini mchanga wa ufukweni usiruhusu hata kiganja. Una chumvi, unaipigilia kwenye chuma kwa presha, na vumbi la mchanga wa silika huleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Tafuta ganeti au masalia ya tanuri yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Chuma kilichopigwa kipakwe praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyohiyo. Kikilala usiku mmoja Tanga au Mombasa, asubuhi kina utando wa chungwa.

Namba ya chasisi usiiguse kwa grinda. Kwenye Hilux na Land Cruiser nyingi imegongwa kwenye boriti ya kulia, karibu na gurudumu la mbele. Isafishe kwa kitambaa chenye thina na brashi ya nailoni, ipake vanishi angavu au grisi nyepesi. Namba isiyosomeka ni kesi ndefu siku ya ukaguzi au ya kuhamisha umiliki.

Kuchomelea, kama kuna matundu

Hii ni kazi ya fundi wa kuchomelea anayejua chasisi, lakini wewe unayelipa ujue unachopaswa kuona. Betri imefunguliwa, na plagi ya oltaneta pia. Tangi na paipu za mafuta ziko mbali. Klempu ya ithi, yaani waya wa kurudishia umeme, imebanwa sentimita chache kutoka panapochomelewa, umeme usipite kwenye beringi. Kutu imekatwa mpaka kufikia chuma kizima, maana kiraka kilichochomelewa kwenye ukingo uliokondeshwa na kutu kitang'oka nao. Kiraka kina unene sawa na chuma cha asili. Kinene zaidi kinaleta ugumu mahali pamoja, na ufa unatokea pembeni yake.

Umbo la kiraka nalo lina maana. Mshono ulionyooka wima kukatiza boriti huacha mstari mmoja dhaifu, na boriti hupasuka hapohapo. Kiraka kikatwe kama almasi au yai refu, ili mshono upite kwa mshazari. Na chochote cha nta au mafuta ndani ya boksi kipakwe baada ya kuchomelea, kamwe si kabla. Nta ikishika moto ndani ya boriti huwezi kuifikia.

Paipu za breki zilizopita juu ya chasisi zitazame wakati huu. Huoza chini ya vibanio vyake, mahali usipopaona. Ukifungua kibanio ukakuta paipu ina vishimo, weka mpya ya shaba na nikeli, milimita 4.75 kwenye magari mengi ya aina hii, na utoe hewa kwenye mfumo. Chasisi nzima yenye paipu ya breki iliyooza haikufaidii kitu.

Dawa, praima, rangi

Dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki hugeuza utando mwembamba wa kutu kuwa fosfeti ya chuma, ya kijivu hadi nyeusi. Yenye tanini huigeuza bluu nyeusi. Zote hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshika chuma. Juu ya magamba, dawa hugeuza ngozi ya juu tu, na chini yake kutu inaendelea na kazi. Paka kwa brashi, palowe dakika 15 hadi 30, paka tena palipokauka haraka, kisha fuata kopo linavyosema kuhusu kusuuza. Asidi isifike kwenye springi wala boliti ngumu za ekseli na usukani: chuma kigumu cha aina hiyo kikinywa haidrojeni kutoka kwenye asidi huwa kama kigae na hukatika ghafla. Springi zisafishe kwa brashi na mafuta tu.

Halafu chagua njia moja ya rangi na ubaki nayo. Njia ya kwanza ni redioksaidi ya kawaida, ile praima nyekundu ya chuma, yenye fosfeti ya zinki, na enamel nyeusi juu. Ni rahisi kupatikana, inavumilia chuma ambacho hakikusafishwa kikamilifu, na kuikarabati ni rahisi. Njia ya pili ni epoksi ya makopo mawili, ngumu zaidi na isiyopenyeka kirahisi, ila inataka chuma kisafi kwelikweli. Usizichanganye. Epoksi au thina kali ikipakwa juu ya redioksaidi ya kawaida huikunja kama ngozi ya maziwa, na inabidi ukwangue yote. Praima ya zinki nyingi, ile ya kijivu, inahitaji kugusana na chuma kitupu. Juu ya dawa ya kutu haina kazi. Na usiache redioksaidi bila rangi ya juu kwa wiki kadhaa ukidhani imelinda. Hupitisha maji.

Kiasi: boriti mbili za mita 5 zenye mzunguko wa sentimita 45 ni mita za mraba 4.5. Ongeza vyuma vya kukatiza, vishikio na nyumba ya ekseli, unafika 8 au 9. Kwa brashi, kwenye kona zote hizo, hesabu lita 1 kwa mita za mraba 6. Mikono miwili, yaani tabaka mbili, ya praima ni lita 3, na mikono miwili ya rangi ni nyingine 3. Kopo moja la lita 4 la kila aina linatosha na kubakiza cha kurekebishia.

Muda mzuri pwani ni kati ya Juni na Septemba, baada ya masika, au Januari na Februari. Paka kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Chuma kiwe na joto la nyuzi 3 au zaidi juu ya lile ambalo umande hutunga. Kama huna kipimo, futa chuma kwa kitambaa kibichi: utando wa maji ukikauka ndani ya dakika 15, endelea; ukibaki, subiri. Rangi iliyopakwa juu ya umande usioonekana hubanduka kama karatasi.

Kabla ya mkono wa kwanza, pitia kwa brashi ndogo kingo zote, mishono ya kuchomelea na vichwa vya boliti. Rangi bichi hukimbia makali ya chuma na kubaki nyembamba hapo, na hapo ndipo kutu hurudi kwanza. Mkono wa kwanza wote uwe wa brashi, usukumwe kwenye vishimo. Bunduki ya rangi hupita juu ya vishimo na kuacha hewa ndani. Funika mipira ya bushi, mipira ya breki, meno ya propela, eksozi, na sehemu za ithi. Ithi zifungue, zing'arishe, zifunge, kisha zipake grisi.

Ndani ya boksi

Rangi ikikauka wiki moja, ndipo inakuja hatua ambayo kwangu ina uzito kuliko zote zilizopita, ukiacha kuosha. Ndani huwezi kupaka rangi ya maana, kwa sababu huwezi kusafisha hadi chuma. Unachohitaji ni kitu kinachotambaa, kinachopenya kwenye kutu iliyobaki, kisichokauka kikapasuka: nta ya matundu ya magari, au mafuta ya manyoya ya kondoo. Zipo za makopo. Ukizikosa, kuna mchanganyiko wa zamani unaofanya kazi vizuri: nta gramu 340, tapentaini ya madini (white spirit) lita 2.4, oili nyepesi ya mashine lita 1. Nta ya nyuki ya Tabora inafaa kabisa. Ikate vipande vidogo, iyeyushe ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, nje, moto ukiwa umezimwa kabla ya kumimina tapentaini. Koroga mpaka iwe moja.

Tengeneza fimbo ya kupulizia kwa mrija wa nailoni wa milimita 6, urefu mita 2 na nusu. Ziba ncha, toboa matundu manne ya milimita 1 kuuzunguka, unganisha na bunduki ya kompresa. Ingiza mpaka mwisho, bonyeza, na uvute kwa mwendo wa sentimita 10 kila sekunde. Rudia kutoka upande wa pili. Lita 2 kwa ndani ya boriti zote mbili ni kiasi sahihi. Utajua imeenea ikianza kuchuruzika kwenye matundu ya chini na kwenye maungio ya bamba. Iache ichuruzike. Baada ya siku moja pitisha waya kwenye kila tundu la chini ili nta isilizibe.

Oili chafu na lami

Mafundi wengi watakwambia upulizie oili chafu ya injini. Inazuia kutu kwa muda, hilo ni kweli. Lakini imebeba asidi, maji na masizi ya injini, hulainisha mipira ya bushi na ya breki, hudondoka ardhini kila unapoegesha, na ngozi ya anayeipuliza huumia: ina kemikali zinazosababisha saratani. Baadaye ukitaka kupaka rangi, haitashika. Nta ya nyumbani niliyoitaja inafanya kazi ileile bila asidi wala masizi ya injini.

Lami na mpira mweusi mzito ndio ninaoupinga zaidi. Ukiwa mpya unapendeza. Jua, mawe na miaka huufanya mgumu, unapata nyufa, maji yanaingia nyuma yake na hayatoki tena. Chasisi inaendelea kuonekana nyeusi na safi mpaka siku springi inapopenya bodi. Kama gari lako tayari lina lami, igonge kwa mpini wa bisibisi: palipolia pakavu imeachana na chuma, ing'oe hapo yote.

Ratiba ya baadaye ni fupi. Suuza chini kwa maji matamu kila gari linapotoka ufukweni au kubeba samaki, na weka trei au turubai chini ya mzigo ili maji ya barafu yatoke kwa nyuma badala ya kwenye matundu ya boliti. Rudia nta ya ndani mara moja kwa mwaka, mwezi Februari kabla ya masika. Mvua zikiisha Juni, lala chini ya gari na waya mkononi, pitia matundu ya chini moja baada ya jingine, pande zote mbili. Tundu likitoa maji, boksi lilikuwa limeziba: liache likauke siku 2, lipulize nta upya, na utafute tope hilo linaingilia wapi.